Wanyama Roboti Darasani: Wasomaji Wanauliza

Safu ya mwezi huu tumewaachia walimu na wazazi walioandika kuhusu wanyama roboti: mbwa, paka na kobe wa plastiki, wa manyoya bandia au wa boksi, wanaotembea, kulia na kutikisa mkia mbele ya wanafunzi wa shule za msingi. Barua tumezifupisha.

Mfadhili anataka kutununulia mbwa roboti kwa ajili ya darasa la nne. Ametuletea picha za aibo wa Sony na za vimbwa vya bei nafuu vinavyouzwa Kariakoo. Tuchukue yupi?
*Mwalimu wa sayansi, Morogoro*

Mwalimu, weka picha pembeni kwanza, umuulize mfadhili maswali matatu. Je, mbwa huyo anafunguka kwa bisibisi ya kawaida? Anafanya kazi pasipo intaneti? Betri zake zinapatikana katika duka la karibu na shule? Mnyama anayekosa mawili kati ya hayo ataishia kabatini kwa mwalimu mkuu kabla muhula haujaisha.

Aibo ni ufundi wa hali ya juu, hilo hatubishi. Huyu wa sasa, ERS-1000, alianza kuuzwa Japani Januari 2018, na mwaka huohuo akaingia Marekani kwa dola 2,899. Ana kamera puani, anatambua nyuso, na mengi anayojifunza hutunzwa kwenye sava za kampuni. Mtego uko hapo. Roboti anayetegemea sava hufa siku kampuni inapofunga milango, hata kama mwili wake ni mzima. Desemba 2024 kampuni ya Embodied ya Marekani ilitangaza kufunga shughuli, na wazazi walionunua Moxie, roboti ya watoto iliyokuwa ikiuzwa dola 799, wakaambiwa kwamba itaacha kuzungumza nao. Shule haipaswi kuingia katika biashara ya namna hiyo kwa fedha za msaada.

Vimbwa vya dukani vina kasoro tofauti: vinajua jambo moja tu. Vinapiga hatua tano, vinabweka, vinasimama, vinaanza tena. Baada ya dakika kumi watoto wamevichoka. Lakini kwa kufunguliwa, havina mpinzani. Nunua viwili vya aina moja, kimoja kibaki kizima na kingine kifunguliwe darasani. Kabla ya kutoa skrubu ya kwanza, kila mtoto achore anachodhani kimo tumboni. Ndani mtakuta mota moja, gia chache za plastiki, mhimili uliopinda unaosukuma miguu kwa zamu, spika nyembamba, na bodi ndogo ya saketi yenye doa jeusi la gundi ngumu. Chipu iko chini ya doa hilo, na watoto hushangaa kwamba "ubongo" ni mdogo kuliko ukucha. Chomoa nyaya za mota kwenye bodi hiyo uziguse moja kwa moja kwenye betri mbili: miguu itakwenda bila kubweka wala taa kuwaka. Geuza nyaya, mota inazunguka upande wa pili. Hicho peke yake ni kipindi kizima cha sayansi.

Fedha zitakazobaki, nunua bodi za micro:bit, kompyuta ndogo za kufundishia zinazoenea kiganjani. Bei ya aibo mmoja, hata ukihesabu usafiri na ushuru wa bodi, inatosha darasa zima na chenji inarudi.

Nina wanafunzi 54 wa darasa la tano na bodi 9 za micro:bit toleo la 2. Nataka kila kundi litengeneze paka anayeitika akipapaswa. Tulipojaribu, bodi ilikuwa ikijizima na kujiwasha kila mkia ulipotikisika. Nielekezeni tangu mwanzo.
*Mwalimu wa kompyuta, Kisumu*

Mwalimu, karibu kila anayeanza hukutana na ugonjwa huo: servo (mota ndogo inayogeuka hadi nyuzi, yaani digrii, unazoiamuru) mmeiunga kwenye pini ya 3V, ile inayotoa umeme wa bodi. Micro:bit toleo la 2 inaweza kulisha vifaa vya nje kwa takriban miliampea 190 (toleo la 1 ni 90 tu). Servo ndogo ya bluu, SG90, ikikwama hudai zaidi ya 600. Umeme unaporomoka, bodi inazimika, servo inaacha kuvuta, umeme unarudi, bodi inawaka, na kisirani kinaanza upya. Dawa yake ni servo iwe na betri zake yenyewe.

Kwa kila kundi la watoto sita andaa micro:bit moja na kasha lake la betri mbili za AAA, zile za rimoti. Servo moja ya SG90. Kasha la betri tatu za AA, zile za saa ya ukutani. Nyaya nne au tano zenye klipu, na nyaya fupi tatu zenye pini za kuchomeka kwenye soketi ya servo. Mwili ni boksi la viatu. Mgongo ni foili ya jikoni, kipande cha sentimita 6 kwa 6. Mkia ni kijiti cha mshikaki kilichokatwa ncha, sentimita 12 zinatosha. Ukienda dukani taja servo ya nyuzi 180, kwa sababu ipo nyingine ya sura ileile inayozunguka mfululizo, na ukimfungia paka hiyo utakuwa umetengeneza feni.

Servo ina nyaya tatu. Wa kahawia ni hasi, mwekundu ni chanya, wa rangi ya chungwa unapokea amri. Mwekundu uende kwenye chanya ya betri za AA, na usiguse popote kwenye micro:bit. Wa chungwa uende pini 1. Wa kahawia una mahali pawili pa kufika: hasi ya betri za AA, na pia GND ya micro:bit, yaani pini yake ya hasi. Huo muunganiko wa pili ndio unaosahaulika. Hasi mbili zisipokutana, servo haina msingi wa kupimia amri inayoletewa; itatetemeka au itanyamaza kabisa, na watoto watabadilisha programu saa nzima ilhali kosa ni waya mmoja.

Utauliza kwa nini tumeruka pini 0. Katika toleo la 2, sauti inayotoka kwenye spika ya bodi hupelekwa pia pini 0, isipokuwa umeizuia ndani ya programu. Ukiweka servo hapo, paka akilia tu mkia utaruka ovyo. Foili ya mgongoni iunge pini 2.

Sasa hatua ambayo wengi huiruka. Kabla ya kufunga mkono mweupe wa servo (kile kipande cha plastiki kinachobeba mkia) kwa skrubu, pakia programu fupi inayoipeleka servo nyuzi 90, iache ifike, ndipo uchomeke mkono ukiwa umeelekea katikati. Usipofanya hivyo mkia utagonga boksi kabla ya kufika unakotakiwa, servo itanguruma na kupata moto, na meno ya gia zake za plastiki yatakatika. Gia hizohizo huvunjika pia mtoto anapozungusha mkia kwa mkono servo ikiwa imewashwa, kwa hiyo kataza mapema. Mkia ufunge kwa selotepu. Gundi ya moto inashika vizuri zaidi, ila siku servo itakapokufa utatupa na mkono wake.

Programu iandikwe kwenye MakeCode, mahali pa kuandikia programu za micro:bit, kwa vitalu vya kuburuta. Paka anapowashwa: macho yaonekane kwenye taa za bodi, mkia uende nyuzi 90, na pini 2 iwekwe kwenye hali ya mguso wa kapasita, inayohisi kidole peke yake. (Hali ya kawaida ya pini hiyo humtaka mtoto aguse GND kwa mkono wa pili, na hakuna anayempapasa paka hivyo.) Pini 2 ikiguswa: mkia nyuzi 60, subiri milisekunde 300, mkia nyuzi 120, subiri tena 300, rudia mara tatu, rudi 90, lia. Usipunguze kusubiri. Amri zikifuatana upesi kuliko servo inavyoweza kwenda, mkia unabaki kutetemeka katikati na watoto wanadhani umeharibika. Hayo yakishafanya kazi, waachie wenyewe: giza likiingia afumbe macho, akisikia makofi aamke, akitikiswa alalamike. Bodi inapima mwanga, kishindo na mtikisiko bila kuongezewa kifaa chochote.

Kompyuta isipoonyesha diski iitwayo MICROBIT, badilisha kebo ya USB kabla ya kulaumu bodi. Kebo nyingi za simu za bei poa zina nyaya za kuchajia tu, hazipitishi data. Na kama intaneti ya shule ni ya kubahatisha, pakua programu ya MakeCode ya kompyuta ukiwa mjini, uisakinishe kabla ya siku ya kipindi.

Kwa watoto 54 usijaribu yote siku moja. Kipindi cha kwanza boksi na mkia bila umeme, cha pili nyaya, cha tatu programu. Katika kila kundi wawili wajenge, wawili waandike programu, mmoja akague nyaya kabla betri hazijawekwa, mmoja aandike daftarini kilichofanyika na kilichogoma. Kipindi kinachofuata wabadilishane. Kompyuta tatu zinatosha, kwa kuwa programu ikishapakiwa paka hahitaji kompyuta tena.

Betri nazo. Usichanganye mpya na kuukuu katika kasha moja, wala za kuchaji na za kawaida. Betri za lithiamu zilizotolewa kwenye laptopu mbovu zisikanyage darasani. Nyaya zake zikigusana hutoa moto kweli. Na mdoli wowote wenye betri za kidonge ukague kama mlango wake umefungwa kwa skrubu. Betri hiyo ikimezwa inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Mtoto asitapishwe, apelekwe mara moja hospitali yenye eksirei.

Mwanangu wa miaka saba analia kwamba paka roboti wa shule analala na njaa mwisho wa juma. Je, hii ni kawaida, au darasa linamchanganya?
*Mama, Nairobi*

Mama, ni kawaida, na si dalili kwamba mtoto haelewi. Mwanasaikolojia Gail Melson na wenzake huko Marekani waliwalinganisha watoto wa miaka 7 hadi 15 wakiwa na mbwa hai na wakiwa na AIBO wa zamani. Watoto walijua kabisa kwamba AIBO ni mashine, lakini wengi wao bado walimpa hisia na stahili fulani za kutendewa vyema. Mtoto anaweza kubeba yote mawili kwa wakati mmoja.

Tunachopendekeza kwa mwalimu wake ni kulipeleka jambo hilo ubaoni. Watoto wanazifahamu sifa za viumbe hai kutoka kwenye somo la sayansi: kula, kupumua, kukua, kuzaliana, kujongea, kuhisi, kutoa takamwili. Chora jedwali lenye safu tatu, ya paka wa mtaani, ya paka roboti na ya mchicha wa bustani ya shule, kisha uwaache wabishane. Roboti atapata tiki kwenye kujongea. Kwenye kuhisi patazuka vita. Yupo atakayesema paka "anakula betri", na hilo lisifutwe upesi: waulize kama betri zimemfanya akue, na zilipoisha alitoa nini. Mchicha nao utawasumbua, maana hautembei ilhali uko hai. Kwa umri wa mwanao mjadala huu una uzito kuliko mota zote.

Jambo moja tungelikataza: mwalimu kuwaambia watoto kwamba paka "atahuzunika" wasiponyamaza. Huo ni uongo wa kuwatuliza, na watoto wa miaka saba huuchukua mzimamzima hadi nyumbani.

Watu wazima nao hawajapona, kwa taarifa yako. Sony iliacha kutengeneza AIBO wa zamani mwaka 2006 na kuwatibu mwaka 2014, na kufikia 2018 hekalu la Kofukuji katika mji wa Isumi, Japani, lilikuwa limewafanyia ibada ya kuwaaga mbwa hao wapatao 800, kisha wakavunjwa vipuri vya kuwatengenezea wenzao.

Shule yetu iko Unguja. Wazazi wamegoma: mbwa ni najisi, wa betri au wa nyama. Tufanyeje?
*Mwalimu wa darasa la tatu*

Mwalimu, plastiki si mbwa, na wengi wakielezwa kwa utulivu watakubali. Lakini kwa nini uanze mradi kwa ubishi? Kaa na mwalimu wa madrasa ya mtaa kabla ya kikao cha wazazi, na ubadilishe mnyama. Paka hana shida. Kobe ni bora zaidi, kwa sababu watoto wa Unguja wanawajua wale wa kisiwa cha Changuu, na kwa sababu kobe ndiye mkongwe wa roboti za namna hii: mwaka 1948 na 1949 William Grey Walter alitengeneza Elmer na Elsie mjini Bristol, Uingereza, kobe wawili wa magurudumu waliofuata mwanga na kukwepa vikwazo.

Kobe hana miguu ya kupigia hatua, na miguu ndiyo inayowashinda wanaoanza. Unahitaji servo mbili, safari hii zile zinazozunguka mfululizo, vifuniko viwili vya chupa kubwa kama magurudumu vilivyofungwa mpira wa fedha ili visiteleze, na bakuli la plastiki kama gamba. Mbele weka gololi au kitufe cha shati kinachoteleza. Servo zimetazamana, kwa hiyo ili kobe aende mbele moja izunguke kushoto na nyingine kulia. Akizunguka palepale, mmesahau hilo. Asiponyooka, sababu karibu kila mara ni magurudumu yasiyolingana, wala si programu.

Huku kwetu mbwa wanaorandaranda ni wengi na watoto wanang'atwa. Mbwa roboti anaweza kutumika kufundishia kichaa cha mbwa?
*Mwalimu wa afya, Kilombero*

Anaweza, na anaweza pia kuleta madhara. Mbwa wa dukani hakwaruzi wala hang'ati, humvuta masikio naye anacheka. Mtoto akizoea huyo kwa muhula mzima kisha akutane na mbwa aliyelala chini ya mwembe, atanyoosha mkono. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani kutokana na kichaa cha mbwa, vinne katika kila kumi vikiwa vya watoto wa chini ya miaka 15, kwa hiyo tahadhari hii si ya kupuuza.

Tengeneza mbwa anayekataa. Tumia boksi na bodi ileile ya paka, ubadilishe programu: akiwa "amelala" (macho yamefumba) na akaguswa, angurume na mkia ukakamae. Mbele yake weka bakuli, na akiguswa wakati wa kula angurume pia. Akubali kupapaswa pale tu kitufe A, ambacho ni cha "mwenye mbwa", kimebonyezwa kwanza. Watoto watagundua sheria wenyewe kwa kujaribu: omba ruhusa, usimguse aliyelala, anayekula, aliyefungwa au mwenye watoto. Waongezee isiyoonekana kwenye roboti, kwamba mkia kutikisika si lazima awe amefurahi, na mwenye kichaa anaweza hata kuonekana mpole.

Kisha mazoezi uwanjani. Mbwa akija, simama wima, mikono ubavuni, usimkazie macho, usikimbie. Akikuuma au kukukwaruza hata kidogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mwambie mtu mzima, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Osheni mkono wa mtu kwa saa halisi hadi dakika 15 zitimie. Watoto hudhani ni muda mfupi mpaka wangoje wenyewe.

Mwalimu mkuu anauliza kama roboti mwenye kamera na maikrofoni anaruhusiwa shuleni.
*Mjumbe wa kamati ya shule, Mombasa*

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto, na sura na sauti ni taarifa. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2022. Mwaka 2017 Ujerumani ilimpiga marufuku mwanasesere My Friend Cayla kama kifaa cha kunasa sauti kwa siri, na mwaka huohuo rekodi zaidi ya milioni 2 kutoka midoli ya CloudPets zilikutwa wazi kwenye intaneti. Ushauri wetu: mnyama anayetaka Wi-Fi asiingie darasani. Micro:bit ina maikrofoni, ila katika programu tulizoeleza hupima kishindo tu na haitumi kitu nje.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita. Paka wetu anatikisa mkia hata hajaguswa. Tumembadilishia betri, bado.
*Tanga*

Hongera kwa kufika huko. Foili yenu inahisi kitu kingine. Angalieni kama inagusa fremu ya chuma ya dawati, kama waya wa pini 2 umelala pamoja na nyaya za servo, au kama ni mrefu kupita kiasi. Ufupisheni na uutenganishe. Bodi hujipima inapowashwa, kwa hiyo mkiiwasha huku mmemshika mgongo itapotea vipimo. Izimeni, mwekeni mezani, toeni mikono, iwasheni tena. Akiendelea, chomoeni klipu ya pini 2 kabisa. Mkia ukitulia, kosa liko kwenye foili au waya wake. Ukiendelea kutikisika, acheni boksi, rudini kwenye programu mtazame kama amri za mkia mmeziweka ndani ya kitalu cha "daima".